Msikiti Mkuu wa Kilwa na Unyenyekevu wa Aingiaye

Mtu aingiapo katika jengo la ibada aghalabu hunyamaza bila ya kuamriwa. Hudhaniwa kwamba sababu yake ni urefu wa jengo na wingi wa mapambo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani waonyesha kuwa dhana hiyo haitoshi, maana hauna mnara, wala mapambo yake si mengi.

Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale, nayo yahesabiwa kuwa ya karne ya 11 au ya 12. Ukumbi mkubwa wa kusini uliongezwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Baadaye ulianguka, ukajengwa upya karne ya 15.

Kazi ya jengo huanza nje. Mwenye kuswali alivua viatu, akatawadha, ndipo akatoka kwenye jua kali akaingia kivulini. Macho hayakuona mara moja, na hatua zikapungua. Ndani, nguzo zimesimama safu safu, na kila nafasi baina yake ina kuba au tao lake, hata jicho lisiweze kuukamata ukumbi wote kwa mtazamo mmoja. Safu hizo huuelekeza mwili kaskazini, kwenye mihrabu, kwa kuwa Makka iko upande huo wa pwani hii.

Lugha nayo yashuhudia. Neno msikiti asili yake ni masjid la Kiarabu, yaani mahali pa kusujudu. Halitaji kuta wala paa, bali latokana na tendo la mwili. Basi jengo halimpi mtu imani. Humwandaa tu kwa tendo hilo.

Leo Msikiti wa Kilwa ni gofu, na mgeni bado hupunguza sauti humo. Lakini tendo lenyewe halimo. Kule Kizimkazi, Unguja, mihrabu yenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ingali ikielekewa na wenye kuswali, ijapokuwa jengo lilijengwa upya karne ya 18.

Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mawe yake yatunzwa. Yapasa maneno na adabu za waingiao misikitini zihifadhiwe vivyo hivyo, kwani bila hizo ukuta husalia ukuta.