Sefu Imara, Boksi la Bati

Mashine ya ATM ni vitu viwili ndani ya kabati moja. Chini kuna sefu ya chuma kizito yenye makasha ya noti. Juu, nyuma ya skrini, kuna kompyuta kama ya ofisini, mara nyingi ya Windows, imefungiwa kwenye boksi jepesi lenye kufuli dogo. Sefu haina maamuzi yake. Kompyuta ikiamuru noti zitoke, zinatoka, na mwizi anayelijua hilo hana haja ya kukata chuma.

Mwaka 2014 kampuni ya Kaspersky ilieleza habari za Tyupkin, programu hasidi iliyokutwa kwenye mashine zaidi ya 50 Ulaya Mashariki. Mtu alifungua boksi la juu, akaweka CD, akaiwasha mashine upya, akafunga na kuondoka. Mashine ikaendelea kuhudumia wateja kama kawaida hadi usiku wa Jumapili au Jumatatu. Hapo alifika mtu asiye na kadi, akabonyeza tarakimu fulani, na skrini ikamwonyesha namba iliyobadilika kila mara. Akampigia simu mkubwa wake, akamsomea namba ile, akapewa ya kujibia. Bila simu hiyo hakuambulia kitu, maana genge halikuwaamini hata vijana wake wenyewe. Kisha skrini ikaonyesha pesa zilizobaki katika kila kasha, na mashine ikatema noti 40 kwa mkupuo.

Katika wizi wa namna hii salio lako haliguswi. Hasara ni ya benki. Lakini usitulie moja kwa moja. Skimer, programu hasidi nyingine iliyogunduliwa mwaka 2009, hunakili taarifa za kadi na namba ya siri ikiwa ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo kuziba vitufe kwa kiganja hakuizuii. Omba kadi yenye chipu, washa ujumbe wa simu kwa kila muamala, na ukiona muamala usioujua piga simu benki saa hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kazi kubwa ni ya benki. Windows XP iliacha kuhudumiwa Aprili 2014 wakati ATM nyingi duniani zikiitegemea bado, na mfumo usiopata marekebisho ni mlango wazi. Kompyuta ya ATM iwekewe nywila na izuiwe kuwaka kwa CD au flashi, diski yake isimbwe, na isiendeshe programu yoyote isiyoidhinishwa. Mawasiliano kati ya kompyuta na kifaa cha kutoa noti nayo yasimbwe, mtu asiweze kuchomeka kompyuta yake katikati na kuamuru noti zitoke.

Hata hivyo, ningeambiwa nianze na jambo moja, ningeanza na lile boksi. Kufuli za kiwandani zibadilishwe, kwa sababu ufunguo mmoja unaweza kufungua mashine nyingi. King'ora kifungwe juu, si kwenye sefu peke yake: wezi wa Tyupkin waligusa tu mashine zisizokuwa na king'ora. Na mlinzi anayekesha pale nje afundishwe kwamba fundi hatambuliwi kwa fulana wala kwa ufunguo. Apewe namba ya simu ya benki, na mamlaka ya kumzuia mtu yeyote asifungue boksi hadi benki ithibitishe kuwa ndiyo iliyomtuma.