Mganga na Mchezaji wa Mpira
Mwaka 2014, Ujerumani na Argentina walicheza fainali ya Kombe la Dunia mjini Rio de Janeiro. Dakika ya 17 Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani. Akaanguka, akatazamwa, akarudi kucheza. Kisha akamwuliza mwamuzi kama ile ndiyo fainali! Dakika ya 31 akatolewa.

Tazameni, watoto, kazi ya mganga ni ngumu. Ubongo ukitikiswa, damu haionekani, na mchezaji mwenyewe husema: Mimi mzima. Watu wanapiga kelele, kocha anamtaka. Lakini mganga hatumikii kombe, anamtumikia mgonjwa. Akishuku tu, sharti amtoe siku ile ile, hata akichukiwa. Maana kichwa kikigongwa tena kabla ya kupona, mtu aweza kufa.