Lupango la kwanza: Katuba, Kisanga ama Kalebuka?

Juma hili hatuleti mapishi wala habari za chanjo. Tunaleta habari ya lupango, sababu wengi kati yetu bado tunapanga, na kila mwaka mwenye nyumba anapandisha bei.

Mwenzetu mmoja wa kundi letu la kitemo hapa Lubumbashi, mjane, mama wa mapasa na wa msichana mkubwa, alikuwa amefikisha dola 3,800. Ni miaka sita ya kuuza unga na samaki wakavu sokoni, komini ya Kenya. Alituomba tumsindikize kutafuta, kwa maana mama peke yake mbele ya komisionere anaonekana kama kuku aliyepotea njia. Tulikwenda watu wanne, kila Jumapili kiisha ibada, tangu mwezi wa tisa.

Tulianza Katuba, sababu ndiko alikozaliwa. Soko liko karibu, masomo yako karibu, kuran inafika (inapofika!), majirani wanajuana. Tulionyeshwa nusu ya lupango, vyumba viwili, paa la mabati ya zamani. Bei dola 6,500. Tulikuwa bado tunatazama ukuta ulipopasuka, dada wa muuzaji akaingia na kutuuliza: « Mama, munatafuta nini katika nyumba ya baba yetu? » Kumbe baba alikufa, watoto ni watano, na kaka mkubwa alikuwa anauza yeye peke yake. Tukaomba radhi, tukatoka. Tuliwaza njiani: kama yule dada angekuwa sokoni siku ile, sisi tungejadili bei na kuondoka na furaha yetu. Katika Kodi ya Familia ya nchi yetu watoto wa marehemu, wa kike na wa kiume, wote ni warithi wa kwanza, na mjane aliyebaki ana haki ya kukaa katika nyumba. Kwa hiyo katika komini za zamani, ambako nyumba nyingi ni za urithi, swali la kwanza si bei. Ni: ninyi ni wangapi, na kila mmoja ametia sahihi?

Jumapili iliyofuata, Kalebuka. Hapo mwenzetu alianza kucheka peke yake. Lupango la mita 15 kwa 20, udongo mwekundu, upepo mzuri, dola 2,000. Alipiga hesabu palepale: dola 1,800 zinabaki, anajenga chumba kimoja na choo, Noeli anakula bukari kwake. Hatukutaka kumharibia furaha, lakini mmoja wetu alichukua kalamu. Kutoka pale mpaka sokoni ni magari mawili, kurudi mawili, kila gari franga 1,000. Siku 26 za kazi ni franga 104,000, na watoto hatujawahesabu. Ile ilikuwa inakaribia feza anayolipa kila mwezi kwa nyumba ya kupanga. Lupango la bei ndogo linaweza kukutoza kodi kila asubuhi barabarani.

Tena kulikuwa na shida ya maji. Muuzaji alisema, « Mtachimba kisima. » Wahudumu wa afya wanashauri kisima kikae mbali na choo, mita 30 ikiwezekana, na upande wa juu. Sasa pimeni wenyewe: lupango la 15 kwa 20, kutoka kona mpaka kona, ni mita 25 tu. Haiwezekani. Na choo cha jirani je? Mahali kama pale maji salama ni ya forazi yenye kina, na ile ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu saa na bidoni kichwani.

Kisanga, kwenye barabara ya Kipushi, tulikwenda bila tumaini kubwa. Lupango lilikuwa dogo, mita 12 kwa 20, na msingi wa nyumba ulioachwa, nyasi zimeota katikati. Muuzaji alitaka 4,500. Lakini gari ni moja tu, na nyumba ya tatu kutoka pale kuna bomba la forazi linalouza maji.

Hatukuamua. Tulingoja mvua. Hilo ndilo jambo tunalojivunia, maana kiangazi kila lupango ni zuri. Mwezi wa kwanza, asubuhi kiisha mvua ya usiku mzima, tulirudi pande zote mbili. Kalebuka, dereva wa pikipiki alikataa kuendelea, tukavua viatu. Lile lupango la dola 2,000 lilikuwa ziwa, bata wa jirani wanaogelea. Kisanga maji yalikuwa yanapita pembeni, katika mfereji ambao wakaaji wa avenyu waliuchimba pamoja.

Zikabaki karatasi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapata haki ya kuutumia. Fishi ya komini ama karatasi ya shefu wa kartie inaonyesha kwamba unakaa pale, basi. Karatasi yenye nguvu ni sertifika inayotoka kwa konservatere wa hati za ardhi, na kabla yake kontra ya lokasio. Muuzaji wa Kisanga alikuwa na kontra, lakini tulipoisoma vizuri tukaona muda wake ulipita mwaka mzima, na mawe mawili ya mpaka hayakuonekana. Tulimwambia: tengeneza kontra kwanza, lete jeometre wa kadastri apime, ndipo tuongee. Alikasirika, akapotea juma tatu. Akarudi na karatasi mpya na bei ya 4,100.

Siku ya kuandika, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitaka jina liwe la mtoto wa kiume wa mapasa, « kwa heshima ya kaka yangu ». Mwenzetu alimjibu polepole: « Shemeji, heshima ya kaka yako iko moyoni mwangu. Feza ilitoka katika samaki. » Jina likaandikwa lake. Kwa ninyi wenye mabwana, mujue: tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016, mke haombi tena ruhusa ya bwana ili aweke sahihi yake, na kuuza nyumba ama lupango la ndoa kunahitaji ukubali wa wote wawili. Hata ninyi mukinunua kwa mtu mwenye bibi, muulizeni bibi.

Dola 300 zilizokosa zilitoka katika kitemo. Wawili wetu tulimwachia zamu. Bado anapanga Katuba, na msingi bado una nyasi. Na mmoja wetu, yule mwenye kalamu, ndiye sasa anasema Kalebuka itapanda bei na tutajuta. Tumemwambia aende yeye, na bata wake.