Pambo Lina Maana: Sebule, Kanga na Tamthilia Mbele ya Mhakiki

Makala haya yanahusu vitu ambavyo wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili huvipita bila hata kupiga hodi: vitambaa vya makochi, foronya za kudarizi, kanga zilizotundikwa, kabati la vyombo, na tamthilia za televisheni zinazotazamwa katikati ya vitu hivyo vyote. Mimi ni msichana, nasoma fasihi, na vitu hivi navipenda. Napenda kupanga chumba. Napenda kusogeza kochi saa nne usiku mpaka sebule ionekane nyingine. Tamthilia nazo nazifuatilia kiasi kwamba namjua kila mhusika, na mama yake namjua. Wenzangu darasani husema haya ni mapenzi ya kisichana, yatapita, na kwamba fasihi ni jambo jingine. Mimi nasema wamekosea mpaka, na kwa kukosea huko kuna kazi za sanaa zinaishia kuwa matambara ya kudekia.

Kilichonisukuma kuandika ni semina moja ambamo mwenzetu alipendekeza kuandika tasnifu juu ya maneno yanayodariziwa kwenye foronya. Akaambiwa, tena kwa upole kabisa, kwamba hayo ni mapambo tu, atafute mada yenye uzito. Akachagua utabaka katika riwaya. Ni mada nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na lile neno mapambo.

Hebu tulitazame. Tangu sekondari tumefundishwa kwamba tamathali za semi ni mapambo ya lugha. Tukimsifu mshairi twasema ameinakshi kazi yake. Matukio ya riwaya yana msuko, neno lililotokana na kusuka, na anayesuka ukili wa mkeka na nywele za watu tunamjua. Mfumo umetokana na kufuma. Ubeti asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Diwani, tunayoiita mkusanyo wa mashairi, katika safari zake kutoka Uajemi ilikuwa pia baraza la watawala, na ikafika Ulaya ikiwa jina la kochi. Yaani mhakiki amekopa vyombo vyake karibu vyote nyumbani, kisha anarudi kumwambia mwenye nyumba kwamba mambo yake hayana uzito! Sidai kwamba asili ya neno inathibitisha hoja. Nadai tu kwamba neno pambo halikuwa tusi mpaka sisi tulipolifanya tusi.

Wala washairi wetu wa zamani hawakuliona hivyo. Chukua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambao wataalamu wengi wanaukadiria kuwa wa mwanzoni mwa karne ya 19. Dhamira yake inajulikana: dunia hadaa, moyo uzinduke. Lakini anaithibitisha kwa nini? Vita vya Pate hatuelezwi kwa urefu, wala hesabu ya hazina yao. Tunaingizwa ndani ya nyumba. Tunaonyeshwa taa za kioo na za shaba zilizofanya usiku uwe kama mchana, vyombo vya kichina vilivyochaguliwa, vikombe vyenye nakshi, kumbi zilizojaa mazungumzo. Kisha mshairi anaturudisha katika nyumba zile zile baada ya wenyewe kwenda. Vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani sasa ni viota vya makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu, buibui wametanda vitandani, na mende na nyenje ndio wenye sauti.

Ndugu msomaji, huo ni uhakiki wa sebule. Aliyewahi kuingia katika nyumba ya mawe ya Lamu au Pate na kuona safu za vidaka vya chokaa ndani ya chumba, kidaka juu ya kidaka, ataelewa kwamba pale palikuwa mahali pa kuonyesha. Sahani iliyowekwa pale haikuwekwa iliwe chakula. Iliwekwa isomwe: huyu ana biashara ya ng'ambo, huyu ana binti wa kuozwa. Kwa hiyo mshairi alipotaka kueleza kifo cha ukoo mzima hakuhitaji kaburi. Alihitaji kidaka kitupu. Ondoa mapambo katika utenzi ule uone hoja inasimama wapi. Na kwa kuwa mshairi mwenyewe ametusikizisha sauti za watumishi na watumwa katika nyumba zile, tuna haki ya kuuliza swali ambalo yeye hakuliuliza, la nani alikuwa akizifuta vumbi sahani zile.

Mwana Kupona naye, katika utendi aliomtungia bintiye yapata mwaka 1858, hakuona haya kutia usafi wa nyumba, manukato na vito pamoja na dini na adabu. Wahakiki wa siku hizi humsoma kama kielelezo cha mwanamke aliyefundishwa kutii, na hawakosei, maana kumtii mume kumejaa mle. Ila wakifika kwenye mambo ya kupamba hupita mbio, kana kwamba aya zile zimeandikwa na mtu mwingine aliyekuwa hana kazi. Kwangu mimi ndipo mahali mama huyu mgonjwa anapomkabidhi mtoto ujuzi wake, na ujuzi una mipaka yake ya kisiasa kama ujuzi wowote. Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) ametuonyesha upande wa pili: kwa Maimuna, nyumba ya baba ni gereza hata kama ina kila kitu.

Sasa tutoke Siu tuje hosteli, maana pambo halikubaki katika nyumba za mawe. Wengi wetu tunalala vitanda vya dabodeka, na anayelala chini hupata faragha kwa kutundika kanga kuzunguka kitanda chake. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Inauzwa kwa doti, na yasemekana ilianza pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuunganisha leso, neno tulilolipata kwa Wareno na ambalo watu wa Mombasa hata leo ndilo wanalotumia. Majina yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Hayo yamo vitabuni. Ambayo hayamo ni haya ya chumbani kwetu.

Mwenzangu mmoja alitundika kanga ya zambarau yenye jina "Hasidi hana sababu". Aliinunua kwa rangi, kwa kuwa shuka lake lilikuwa la zambarau. Maneno yakaangalia nje, upande wa kitanda cha mkabala. Aliyelala kule hakumsalimia siku mbili. Siku ya tatu akanunua kanga yake mwenyewe, naye akaitundika jina nje: "Wema hauozi". Basi jamani, tukawa tunaishi katikati ya majibizano, na hakuna aliyetamka neno.

Hapa kuna suala la kinadharia lililo gumu kuliko tunavyodhani. Nafsineni katika kanga ni nani? Aliyetunga maneno hajulikani. Kiwanda kimechapa maelfu. Muuzaji amepanga dukani bila kukusudia mtu. Mnunuzi amechagua, pengine kwa rangi tu. Aliyetundika ameelekeza. Lakini maana imekamilishwa na msomaji aliyelala mkabala, kwa kutumia historia yake na mwenye kanga, ikiwamo habari ya ndoo ya maji iliyomwagwa wiki iliyotangulia. Tunapofundishwa nadharia ya upokezi ya Hans Robert Jauss na ule upeo wake wa matarajio, tunahangaika kutafuta mifano katika riwaya za Wajerumani ambazo hatujazisoma. Mfano ulikuwa unaning'inia kitandani. Tena kanga inakwenda mbele zaidi, kwa sababu mwenye kanga anaweza kukana: "Mimi? Nimependa rangi." Shairi la kwenye karatasi halina ujanja huo.

Nije kwenye televisheni. Zanzibar walikuwa na kituo chao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza. Mama zetu wanasimulia enzi za kundi la Kaole, ambalo Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, alipitia kabla ya filamu. Sisi tumekua na king'amuzi na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, sultani akizungumza lugha yetu kwa ufasaha unaowashinda baadhi ya watangazaji. Televisheni yenyewe nayo ilikuwa samani. Ile ya chogo ilikuwa na mgongo mpana wa kubeba kitambaa cha kufuma, vazi la maua ya plastiki na picha ya mahafali. Hii bapa haina mahali pa kuweka hata leso, na nadhani hakuna kilichoua ufumaji wa vitambaa sebuleni kama skrini hii, ingawa ndugu yangu fundi samani anasema ni makochi ya ngozi.

Wanaodharau tamthilia hudhani mtazamaji wake amekaa tu anamezeshwa. Waje nyumbani kwetu wakae na mama mdogo. Mhusika anayeitwa maskini akiingia kwake, mama mdogo hatazami uso wa mhusika, anatazama pazia. "Maskini gani huyu ana pazia la pete na kapeti la manyoya?" Huo ni uhakiki wa uhalisia, na umefanywa kabla mhusika hajafungua mdomo. Akiona kochi jeupe, meza ya kioo na ngazi ya kupandia ghorofani, atakwambia leo mtu ataaibishwa hapa, na kweli kabla ya tangazo mtu anaaibishwa pale ngazini. Anajua kanuni za utanzu kwa sababu ameangalia nyumba nyingi, za kwenye skrini na za majirani, na amepanga ya kwake. Mimi nilipoandika zoezi la darasani juu ya mandhari kama kijenzi cha wahusika, nusu ya hoja zangu zilikuwa zake, na nilimtaja kwenye shukrani.

Kama bado kuna anayeona aibu kuanzia nadharia nyumbani, namkumbusha Viktor Shklovsky. Makala yake ya mwaka 1917 juu ya sanaa kama mbinu ni miongoni mwa nguzo za Umaumbo wa Kirusi, nasi tunaitaja katika kila mtihani: kazi ya sanaa ni kukifanya kigeni kitu tulichokizoea ili tukione upya. Mfano wake mmojawapo ameuchukua katika shajara ya Leo Tolstoy ya mwaka 1897. Tolstoy alikuwa anafuta vumbi chumbani. Akafika kwenye kochi (Warusi nao huliita divan), akashindwa kukumbuka kama ameshalifuta au la. Akawaza kwamba kitu ulichokifanya kwa mazoea bila kujitambua ni sawa na ambacho hukukifanya, na maisha yanayopita hivyo yote ni kama hayakuwapo. Kwa hiyo moja ya dhana kubwa za uhakiki wa karne ya 20 ina tambara la vumbi ndani yake. Kabaila mmoja alifuta vumbi siku moja, tunasoma mpaka leo. Dada wa kazi anafuta kila siku na anakumbuka vizuri kabisa kochi lipi ameshalifuta.

Virginia Woolf alikwisha kulalamika mwaka 1929 kwamba kitabu kinachohusu vita huchukuliwa kuwa muhimu, na kinachohusu hisia za wanawake ukumbini huchukuliwa kuwa hafifu. Lakini yeye alizungumzia vitabu, na kitabu hata kikidharauliwa kina maktaba ya kukingojea. Foronya haina. Bibi yangu wa Muheza alikuwa na jozi ya foronya za bafta alizozidarizi kabla ya harusi yake. Herufi alichorewa kwa penseli na jirani aliyekuwa amefika darasa la saba, yeye akafuata mistari kwa uzi mwekundu. Moja iliandikwa LALA SALAMA. Ya pili NAWE PIA. Ya kwanza ilichakaa ikafanywa dekio, na iliyobaki ni jibu peke yake. Nilipoipiga picha na kuwaonyesha wenzangu bila kuwaeleza, mmoja alisema ni salamu ya Krismasi na mwingine akadhani ni kipande cha sala.

Kwa hiyo wanaokwenda likizo nawaomba kitu. Ukikuta kitambaa, foronya au kanga ya zamani kabatini, usiandike maneno yake tu. Andika kilikuwa kinakaa wapi chumbani na kilimwangalia nani. Uliza nani alichora herufi, nani alishona, rangi ya uzi ilichaguliwa au ndiyo iliyokuwapo dukani. Uliza kama kilikuwa kimoja au viwili. Na uliza mapema, kabla ya siku ya kufanya usafi.