Majina ya Magari ya Dola: Kutoka Changchun hadi Korogwe na Handeni

Asimamaye kando ya barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni huona malori na mabasi yaliyoundwa China yakipita, na husikia majina kama Howo na Yutong yakitajwa na watu wasiojua asili yake. Yafaa basi tueleze jinsi dola ya China ilivyoyapa majina magari yake ya kwanza, kisha tulinganishe na yaliyotokea kwetu.

Kiwanda cha Kwanza cha Magari, mali ya dola, kilianza kujengwa mjini Changchun mwaka 1953 kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1956 likatoka lori la kwanza, lililofuata mfano wa Kirusi, likaitwa Jiefang, yaani Ukombozi. Mwaka 1958 likafuata gari la viongozi, Hongqi, maana yake Bendera Nyekundu. Kiwanda cha Pili kilianzishwa mwaka 1969 katika milima ya Hubei, mbali na mipaka, kwa kuchelea vita. Malori yake yaliitwa Dongfeng, yaani Upepo wa Mashariki. Mashirika yote mawili yangali mali ya dola.

Tanzania nayo ilijaribu. Huko Kibaha, shirika lililo chini ya Wizara ya Ulinzi lilibuni lori katika miaka ya 1980, likaitwa Nyumbu. Neno hili lina maana mbili: chotara wa punda na farasi, achukuaye mizigo mizito, na yule mnyama wa mbugani aendaye kwa makundi. Ni jina lililochaguliwa vema, wala halihitaji kufasiriwa kwa mkulima wa Handeni. Lakini lori lenyewe halikuundwa kwa wingi, na kwa hiyo jina halikuenea vinywani mwa madereva.

Linganisha na neno usukani. Asili yake ni chombo cha baharini. Wasemaji walilihamishia kwenye gari bila kungoja kiwanda wala kamati, kwa kuwa kitu chenyewe walikishika kila siku. Gari lilitoka Uhindini, dereva na breki Uingereza, na yote yakawa yetu kwa njia hiyo hiyo.

Hapa pana funzo kwa sisi tuundao istilahi. Uzuri wa neno hautoshi kulihuisha. Neno huishi pale kitu kinapotumika, na Nyumbu angali akingoja barabarani.