Punda akiumia mguu: Kuacha kuchechemea si kupona

Asubuhi kuna mchanga wa kubeba, halafu punda anatoka zizini akichechemea. Kwa familia ya Shumba, kaskazini mwa Pemba, inayotegemea gari la punda, siku bila punda ni siku bila kipato. Kwa hiyo akianza tu kutembea vizuri, ni rahisi kushawishika kumfunga tena gari.

Hapo ndipo wanyama wengi huumia mara ya pili, na mara ya pili huwa mbaya zaidi.

Kwa nini mguu unachelewa kupona?

Punda na farasi ni ukoo mmoja, na miguu yao imeumbwa kwa namna moja. Chini ya goti hakuna nyama. Kuna mifupa, ngozi na kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Kano hupata damu kidogo, ndiyo maana hupona polepole. Miguu ya mbele nayo hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili.

Jengine ni kwamba punda ni mvumilivu. Anaweza kuwa na maumivu makali na bado akasimama kimya, hata akala. Usisubiri alie. Tazama kama anapumzisha mguu mmoja wa mbele, anajitenga, au anatikisa kichwa akitembea.

Saa za mwanzo

Mfungue gari papo hapo. Inua ukwato utazame: kuna jiwe, msumari, au harufu mbaya? Punda aliyeanza kuchechemea ghafla bila jeraha lolote mara nyingi ana usaha ndani ya ukwato. Huo hutolewa na daktari wa mifugo, si kwa kisu cha nyumbani.

Kama mguu umevimba na una joto, umwagie maji baridi dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku mbili za mwanzo.

Kama kuna jeraha linalotoka damu, ligandamize kwa kitambaa safi. Damu ikikata, lioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Usiweke majivu, oili chafu wala maji ya betri. Vitu hivyo huunguza nyama na kuchelewesha kupona.

Kuna sababu ugonjwa unaitwa pepopunda

Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa kirahisi zaidi na pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi, na huingia hata kwenye kitundu kidogo cha msumari. Muulize afisa mifugo kuhusu sindano ya kinga siku hiyo hiyo. Mwili ukishaanza kukakamaa, kumwokoa ni kazi ngumu.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Zinaweza kumharibu tumbo na figo. Na hata dawa sahihi ya daktari huondoa maumivu tu, mguu bado haujapona.

Mapumziko

Muweke sehemu ndogo, kavu, yenye kivuli na matandiko laini. Maji na majani yawe karibu.

Kama ana mwenzake aliyemzoea, usiwatenganishe. Punda akitenganishwa na mwenzake anaweza kususa chakula, na punda asiyekula mafuta ya mwili wake humiminika kwenye damu. Hali hiyo inaweza kumuua ndani ya siku chache.

Angalia pia mguu mzima wa upande wa pili. Ndio unaobeba uzito wote, na ukwato wake ukianza kuwa na joto, mwite daktari.

Arudi kazini lini?

Usaha wa ukwato ukitolewa vizuri, huchukua siku chache hadi wiki kadhaa. Jeraha la ngozi ni wiki kadhaa. Kano iliyochanika vibaya inaweza kuchukua miezi 6 hadi 12.

Daktari akiruhusu, anza kumtembeza kwa kamba dakika 5 hadi 10 kwa siku kwenye ardhi tambarare, kisha ongeza kidogo kidogo kila wiki. Baada ya hapo gari tupu, halafu mzigo mdogo. Kila jioni pitisha mkono kwenye mguu. Ukiwa na joto au uvimbe mpya, rudi hatua moja nyuma.

Kabla ya gari, mtembeze kwenye ardhi ngumu na umzungushe pande zote mbili. Akichechemea kwenye kona, bado.

Mwite daktari haraka kama:

• Hakanyagi kabisa mguu huo
• Mfupa unaonekana au mguu umepinda
• Jeraha liko karibu na kiungo, au linatoa majimaji ya manjano yanayoteleza
• Ameacha kula
• Jeraha linanuka au lina funza

Lamu, ambako punda ndio usafiri wa kila siku, kuna kituo cha kuwatibu bure tangu 1987. Kwa mfugaji wa Shumba, mtu wa kwanza ni afisa mifugo wa Wilaya ya Micheweni. Hifadhi namba yake kwenye simu leo, punda akiwa bado mzima.