Tumbo la asubuhi ya shule: Mtoto hadanganyi, msikilize



Likizo ya Desemba inapokwisha, wazazi wengi wa Mbulu na Hanang hukutana na jambo moja. Mtoto aliyecheza, akachunga na kwenda madrasa mwezi mzima bila kulalamika, asubuhi ya kufungua shule anasema tumbo linamuuma. Uji hataki. Chooni amekwenda mara tatu. Akishaambiwa abaki nyumbani, saa tano haijafika yuko nje na mpira. Baba anasema, "Huyu mvivu, anataka bakora." Je, ni kweli mtoto huyu anadanganya?

Mara nyingi hadanganyi. Ubongo na tumbo vimeunganishwa na mishipa ya fahamu. Mtu akiwa na hofu, moyo huenda mbio, tumbo hukaza na hamu ya chakula hupotea. Mtu mzima atasema, "Nina wasiwasi." Mtoto wa miaka saba hana neno hilo, anasema tumbo. Maumivu ni ya kweli, ila chanzo chake ni hofu.

Kwanza hakikisha si maradhi. Akiwa na homa, anaharisha, anatapika, anakonda, au maumivu yanamwamsha usiku, mpeleke zahanati. Lakini kama tumbo linauma siku za shule tu na Jumamosi hana tatizo, kaa naye umuulize anaogopa nini.

Muulize jioni, mkiwa wawili, wala si asubuhi mlangoni mkiwa mmechelewa. Huenda anaogopa hesabu, au yupo mkubwa anayemnyang'anya daftari. Wa darasa la kwanza aliyezoea Kiiraqw au Kibarbaig kwa majirani, Kiswahili cha darasani kinaweza kumtisha, kama Kiingereza kinavyomtisha wa kidato cha kwanza. Mwingine anaogopa fimbo. Kanuni za serikali za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye, na viandikwe kitabuni. Mzazi ana haki ya kwenda kuzungumza na mwalimu kwa adabu, na mtoto akijua umekwenda, nusu ya hofu humtoka.

Yupo pia anayeona aibu. Sare imechanika, au kichwani ana mapunye na wenzake wanamcheka. Mkague wiki kadhaa kabla, kwa kuwa mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka dawa peke yake. Huhitaji vidonge vya kumeza kutoka kituo cha afya, tena kwa wiki nyingi. Mkate kucha, fua sare mapema. Mvua za Januari na baridi ya Mbulu huchelewesha nguo kukauka, na sare mbichi asubuhi ni sababu tosha ya kulia.

Jambo la pili ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala kwa siku. Wakati wa likizo hukesha na televisheni au simu ya kaka yake, kisha ghafla tunamwamsha gizani. Anza wiki moja kabla. Kila siku mrudishe kitandani robo saa mapema, na umwamshe kwa Alfajiri. Akiamka saa kumi na moja na nusu, basi saa mbili na nusu usiku awe amelala, yaani mara tu baada ya Isha. Sisi Waislamu tumeshafundishwa hili: Mtume (s.a.w.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Basi na wakubwa tuzime televisheni.

Sasa tuseme na ndugu zetu wa Hanang. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa ya usiku, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, Gendabi na maeneo jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Shule zilipofunguliwa Januari 2024, mwezi mmoja tu ulikuwa umepita. Mtoto aliyeyaona yale anaweza kushtuka kila mvua inaponyesha, na shule hufunguliwa mvua zikiwa bado zipo. Usimwambie, "Sahau, yamepita." Usimwahidi pia kwamba haitatokea tena. Mwambie ukweli anaoweza kuushika: mvua ikizidi ataelekea wapi, nani atamfuata, asivuke korongo lililojaa hata akichelewa. Kabla ya kufungua, tembea naye njia ile mara moja au mbili, umwoneshe na mahali pa kusubiri. Akiendelea kuota ndoto za kutisha, kukojoa kitandani au kukataa kuachwa peke yake kwa zaidi ya mwezi, mpeleke kituo cha afya. Hilo ni jeraha kama majeraha mengine, na lina matibabu. Dua tumsomee, na hospitali tumpeleke.

Tahadhari moja, ndugu msomaji. Kumsikiliza si kumruhusu abaki nyumbani. Kila siku anayobaki, hofu huongezeka na masomo humpita. Mpe uji hata vikombe viwili vidogo, msindikize siku tatu za mwanzo, muagane kwa ufupi, na umwambie saa utakayomwona jioni. Kisha timiza, kwani mtoto hutulia anapoona mzazi akisema jambo huwa.

Anza leo usiku, baada ya Isha. Kaa kitandani kwake, umuulize anaogopa nini, kisha nyamaza usikilize.

Wabillahi Tawfiiq.